Kitabu Alichokisema Vibaya

"Pindo la vidole viwili," mwanamume alisema. "Wala usiharakishe, mimi sina haraka."

Eridania alikuwa amepiga magoti sakafuni, pini tatu mdomoni, mkono mmoja umeshika mguu wa suruali ya kijivu. Mwanamume alikuwa ameivaa nyuma ya pazia, na sasa alisimama juu ya kigoda cha kupimia, harufu ya sabuni yake ya kunyolea ikimshukia fundi utosini. Suruali ilimkaa sawasawa. Hilo Eridania aliliona mara moja, maana miaka kumi na tisa ya kushona sare za shule humfundisha mtu kuona kwa jicho kile ambacho wengine hukitafuta kwa tepe. Pindo la vidole viwili lingeiacha ikielea juu ya kifundo cha mguu, kama suruali ya mtoto aliyerefuka ghafla. Mtu anayelipa ili suruali nzuri iharibiwe amekuja kutafuta kitu kingine.

"Wewe ndiye yule wa redioni," mwanamume alisema. "Wa vitabu vya mapenzi."

Eridania aliitikia kwa kichwa. Pini zilimpa sababu ya kutojibu.

"Mimi si mtu wa vitabu. Lakini Jumamosi nilipita dukani kununua sigara, nikakusikia ukisoma. Mwanamke anatia kungumanga kwenye kahawa, na ganda la chungwa lililobabuliwa motoni. Na sikio lake la kushoto limechanika, hapa." Aligusa ncha ya sikio lake mwenyewe, taratibu, kama anayeonyesha mahali panapowasha.

Eridania akatoa pini mdomoni, moja moja. "Ni hadithi tu, bwana."

"Ndiyo, hadithi. Mke wangu alikuwa akipika kahawa hivyo hivyo. Na sikio hilo nalijua." Akatabasamu. "Hereni nilimnunulia mimi."

Feni ya dari ilizunguka. Nje mtu alikuwa akiuza mihogo kwa kipaza sauti. Eridania alichora mstari wa chaki kwenye kitambaa, na mstari ukatoka umepinda, akaufuta kwa kidole gumba, akachora tena.

Mwanamume alitaka kukinunua kitabu. Eridania akasema nakala ni moja tu na ipo studio. Kitabu kilikuwa hatua mbili kutoka pale, chini ya jora la kaki, kalamu ya risasi ikiwa imechomekwa katikati. Basi alitaka kuambiwa tu mahali penyewe hadithi ilipotokea, kwa sababu alisikia kwamba Jumamosi ijayo Eridania angepataja. Eridania akasema hutaja mbele ya wasikilizaji wote, ndivyo mchezo ulivyo. Mwanamume akalifikiria jambo hilo kwa utulivu, akakubali kwamba ni haki.

"Nitasikilizia pale dukani, mkabala na studio yenu," alisema akishuka kigodani. "Suruali nitaipitia baadaye."

Alipoondoka kwa pikipiki yake nyekundu, Eridania aliufunga mlango, akakaa juu ya jora la kaki kama kuku anayeatamia.

*

Kwa miaka sita, kila Jumamosi saa tatu asubuhi, wanawake wa mji wa Baní na vijiji vyake walipunguza moto chini ya sufuria zao na kumsikiliza Eridania akizungumzia vitabu. Vilikuwa vitabu vya wanawake, vya mapenzi na ndoa na wakwe, vilivyochapwa kwa karatasi nyembamba na wachapishaji wadogo wadogo wa mji mkuu, ambao humtumia kwa posta bila barua. Alivisoma akiwa kazini, ameviegemeza kwenye shingo ya cherehani, akifungua ukurasa kila mshono mrefu ulipokwisha. Ndiyo maana vilinuka mafuta ya mashine.

Alikuwa na sheria moja, na wasikilizaji wake waliijua kama wanavyojua sala. Kitabu kibaya yeye hakizungumzii hewani. Hukirudisha kwenye bahasha kimya kimya, kwa sababu, alivyowahi kueleza, kuna mtu mahali fulani aliyenyimwa usingizi na kitabu hicho, na huenda ni maskini, na huenda ana redio.

Halafu kulikuwa na mchezo. Waandishi wa vitabu hivi hubadilisha majina ya vijiji vyao, na Eridania alikuwa na kipaji cha kuvitambua. Angesoma ukurasa mmoja, wasikilizaji wangekisia wiki nzima, na Jumamosi inayofuata angetaja mahali penyewe, aliyepatia akapewa kitabu. Hajawahi kukosea. Alijivunia hilo kuliko mshono wowote. Katika miaka yote sita hakuwahi kujiuliza kwa nini mtu anaficha jina la mahali anapoishi.

Kitabu hiki kiliitwa *Sukari Isiyoyeyuka*, na jina la mwandishi, Nieve Almonte, bila shaka halikuwa lake. Kilihusu mwanamke aliyetoroka na mfuko mmoja, akafika kijiji cha machimbo ya chumvi, akajifunza upya kulala chali. Kulikuwa na mapenzi, lakini yalichelewa, na yalikuja na mwanamume mwenye miwani aliyeomba ruhusa hata ya kuvuta kiti. Eridania alikisoma mara mbili. Kilikuwa kitabu bora kuliko vyote vilivyowahi kuegemea cherehani yake.

Na mahali penyewe alipajua tangu ukurasa wa tisa. Kengele ya kanisa ni ringi ya lori iliyotundikwa na kugongwa kwa nondo, hilo lipo kwingi. Lakini mwuza mkate anayepita asubuhi akipuliza kombe la bahari yupo kijiji kimoja tu, Boca Mansa, mwendo wa nusu saa kwa pikipiki. Ukurasa huo wa kombe, wenye kahawa na sikio, ndio aliousoma hewani. Aliuchagua kwa sababu ulikuwa mzuri.

*

Ijumaa nzima alikata mashati na hakushona hata moja. Alifikiria polisi, akamkumbuka jirani yake Yocasta, aliyekwenda kushtaki na kurudi na wito wa polisi kwa mumewe, aupeleke mwenyewe, kwa mkono wake. Alifikiria kwenda Boca Mansa, lakini mara mbili aliona pikipiki nyekundu imeegeshwa kwenye kona, na kwenda kungekuwa kumwonyesha njia. Aliwapigia wachapishaji, simu iliita mpaka ikachoka. Alifikiria kusema anaumwa. Lakini asipotaja yeye watataja wengine, maana mchezo ulikwisha kuanza: asubuhi ile ile mwuza jibini alimwambia kwa kumkonyeza kwamba jibu analijua na anataka kitabu chake.

Ilibaki njia moja. Ilibidi kitabu kife.

Jumamosi Radhamés, fundi mitambo na rafiki yake wa tangu kipindi cha kwanza, alimpokea kwa kahawa na utani wa kila wiki, kwamba akilia tena juu ya kipaza sauti atauunguza mtambo na yeye Radhamés ataolewa na wenye redio kulipa deni. Eridania hakucheka. Alikwenda dirishani. Ng'ambo ya barabara, chini ya kibao cha duka, mwanamume wa suruali alikuwa ameketi kwenye kreti la soda, mguu juu ya mguu, karibu na spika.

"Dada," Radhamés alisema, "mbona mkono wako una baridi hivyo?"

Taa nyekundu ikawaka.

Aliwasalimu wasikilizaji wake. Akasema kwamba ameahidi kutaja mahali pa *Sukari Isiyoyeyuka*, na kwamba anaomba radhi, kwa sababu mahali hapo hapapo. "Nimekisoma chote," alisema, "na ni kitabu kibaya."

Radhamés aliinua kichwa. Katika miaka sita alikuwa hajalisikia neno hilo.

Eridania aliendelea, macho kwenye kalamu ya risasi. Alisema mwandishi ameokota vitu huku na huku, kengele kaskazini, chumvi kusini, akavitia chungu kimoja. Alisema inaonekana hajawahi kunusa bahari. Alisema mwanamke wa kitabuni si mtu, ni mwanasesere, na sikio lake lililochanika limewekwa pale ili tumhurumie. Alijua kwamba mahali fulani, kwenye jiko lenye harufu ya chungwa lililobabuliwa, mkono ulikuwa umesimama juu ya kikombe. Akamalizia. "Mtu aliyepitia mambo kama hayo asingeandika hivi. Huyu amekaa mjini, kwenye kiti laini, akatunga. Msipoteze muda wenu kumtafuta."

Simu ikaita, na kwenye mtambo likatokea jina ambalo Eridania alikuwa akiomba lisitokee. Mama Tatica, mwenye duka la Boca Mansa. Alipiga kila Jumamosi, awe na la kusema au hana. Radhamés alikwisha kuufungua mstari.

"Eridania, mwanangu. Leo umeamka salama?"

"Salama, Mama Tatica."

"Umesema ni kibaya."

"Kibaya, mama. Kibaya kabisa."

Kwenye simu mizani ya duka ilisikika ikiwekwa chini. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na dakika ishirini, na Eridania akakumbuka: ndiyo saa ya mwuza mkate na kombe lake.

"Basi mimi nakubaliana nawe," Mama Tatica alisema polepole, kwa sauti ya mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. "Nami nilitaka kukwambia hivyo hivyo. Kama kuna mahali pa namna hiyo, basi ni Montecristi, kule kaskazini. Dada yangu aliolewa huko. Chumvi, mbuzi, wanawake wenye vinywa vipana. Ni Montecristi, hakuna ubi..."

Nyuma yake ilianza sauti. Ndefu, nzito, ikipanda. Iliingia katika simu ya Mama Tatica, ikaingia katika mtambo, ikatoka kwa spika ya duka la ng'ambo ya barabara, na mstari ukakatika.

Nusu ya mlio. Pengine pungufu ya nusu. Ingeweza kuwa lori, au ng'ombe. Eridania hakugeuka kutazama dirishani. Shingo yake ilikataa.

Simu ikaita tena. Mwanamke wa Azua, asiyejulikana, akasema Mama Tatica samahani lakini amezeeka, Montecristi ni wapi, kitabu hicho ni cha Barahona na yeye ana ushahidi. Akapiga mwingine akasema ni Samaná. Mwalimu mmoja wa Baní, aliyekuwa hajapiga simu tangu aachwe na mumewe, akasema kwa ukali kwamba anakifahamu kijiji chenyewe na kipo Puerto Rico, na anayebisha akanunue ramani. Mwuza jibini akapiga. Eridania akashika ukingo wa meza.

"Mimi nilidhani nalijua jibu," mwuza jibini alisema. "Sasa naona nilikuwa mjinga. Ni Montecristi. Na kitabu sikitaki, dada, kibaya kama hicho nitakiweka wapi? Nifungie jibini?"

Walipiga kumi na mmoja. Hakuna aliyeuliza sababu. Kila mmoja alikuwa na uhakika wa mji wake, na mji wa kila mmoja ulikuwa mbali. Radhamés aliwapokea mmoja baada ya mwingine bila utani hata mmoja, na katikati ya simu ya tano, bila kutazama, aliusogeza ufunguo wa pikipiki yake mezani mpaka ukagusa mkono wa Eridania.

Kipindi kilipokwisha alikwenda dirishani. Kreti lilikuwa tupu, chupa imesimama kando yake. Ile pikipiki nyekundu ilikuwa tayari mwisho wa barabara, penye kituo cha mafuta ambapo njia hugawanyika, moja kaskazini, moja kuelekea chumvi. Lori la ndizi likapita. Lilipopita, hapakuwa na pikipiki.

"Imeshika njia ipi?" Radhamés aliuliza.

"Sijaona."

Alimwomba Mungu apewe hata kosa moja la macho, aseme kaskazini. Hakupewa.

Radhamés alipiga namba ya Mama Tatica mara saba. Mara ya nane ikapokewa. Mama Tatica hakuruhusu salamu. Alisema duka limefungwa leo, kwamba wanawake wote wapo barabarani wanachambua maharage, macho njiani, na kwamba mwuza mkate amewekewa kombe lake ndani. Kisha akasema kuna mtu pale anataka kumwambia Eridania jambo, lakini hawezi kwa sasa, analia. "Si kwa ubaya," Mama Tatica aliongeza, akakata.

*

Jumatatu Eridania aliikunja suruali ya kijivu kwa vidole viwili, kama ilivyoagizwa, kwa mshono mzuri usioonekana, kwa sababu hakujua kushona vibaya. Akaipiga pasi. Akaitundika kwenye msumari karibu na mlango, ambapo hutundika kazi zilizokwisha.

Akarudi kwenye sare. Kitabu kilikuwa kimeegemea shingo ya cherehani, kimefunguliwa ukurasa wa tisa, na hapakuwa na mtu wa kumpa. Kila pikipiki ilipopita barabarani mguu wake uliacha kanyagio, sindano ikabaki imezama katika kaki. Ilipopita, mguu ukarudi.

Kuelekea adhuhuri pikipiki moja ikapunguza mwendo. Feni ya dari ilizunguka, na penye msumari ile miguu miwili mifupi ya kijivu ikayumba kidogo, ikatulia, ikayumba tena.