Nyumba Isiyo na Kaburi

Neli alikuwa amechoka na nyumba. Tangu aje Kyela kutafuta nyumba ya kupigia upya filamu ya zamani ya kutisha, kila picha aliyomtumia mwongozaji ilikataliwa: hii ina maua mno, ile ina jua mno. Jua alizime yeye?

Hatimaye katika kijiji cha Ikolo akaona nyumba kuukuu ya matofali yenye makaburi mawili ya saruji mbele ya mlango. Alipoinua kamera tu, mwenye nyumba, Mama Kisa, akatoka, akaketi juu ya kaburi moja na kuanza kugeuza kakao aliyoianika juu ya la pili.

"Mama, huogopi?"

"Nimwogope baba mkwe? Si ndiye anayenianikia kakao!"

Basi, na picha hii imeharibika. Neli akauliza kwa uchovu kama kijijini kuna nyumba yoyote wanayoiogopa.

Mama Kisa akaonyesha kwa kidevu nyumba mpya ya mgeni aliyehamia. "Ile. Haina kaburi hata moja. Watu wake wamelala wapi?" Kisha akasogea kumpa nafasi. "Kaa upumzike, mwanangu. Na wenu wamelala wapi?"

Neli akakaa. Saruji ilikuwa na joto zuri. "Baba yupo makaburi ya mjini," akasema. "Mwaka jana nilikwenda, nikaambiwa wamezika mwingine juu yake, na alama yake imeondolewa. Sasa hata sijui alikuwa wapi hasa."

Mkono wa Mama Kisa ukasimama juu ya kakao. Usoni mwake kulikuwa na hofu ileile ambayo mwongozaji alikuwa akiitafuta.

Neli hakuinua kamera.