Kichwa cha Mwalimu wa Kwaya

Mume wangu Venance alikuwa na nyimbo zote za kanisa kichwani. Ukitaja namba tu, anaanza kuimba. Ndiyo maana alipowahimiza watu wa jumuiya yetu hapa Maisaka waweke akiba kwenye sarafu za mtandao, hawakumsumbua kwa maswali. Mimi niliuliza, nikaambiwa naogopa vitu vipya.

"Benki wanakata, kwenye simu wanakata," aliwaambia siku moja baada ya misa. "Hela hii hakuna wa kuigusa. Ufunguo wake ni maneno kumi na mawili, na hayaandikwi popote. Yanakaa kichwani."

Maneno yenyewe yalikuwa ya Kiingereza, na wengi wao wana vitochi, simu ndogo zisizo na mtandao. Basi akafungua pochi moja ya wote kwenye simu yake, na maneno akayabeba yeye. Damasi, jirani yetu, aliuza mtamba. Mama Leonard alileta hela ya maharage yake yote, huku anacheka.

Mwezi wa tatu Venance alipata kiharusi akiwa anamwagilia nyanya kule Sigino. Alianguka ndani ya mfereji, simu ikiwa kwenye mfuko wa shati. Yeye tulimtoa mzima. Simu haikuwaka tena, na fundi alituambia kwamba hata tukinunua nyingine, bila yale maneno hela haifunguki.

Tangu hapo hakutamka kitu. Alikuwa akitazama ukuta tu. Nilimwogesha, nilimlisha uji, niliongea naye kutwa nzima kama mwendawazimu. Watu wote wananiita Mama Edda. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa akiniita Brigita. Nilichotaka ni aniite tena, hata mara moja, nijue kama bado ananijua.

Wageni walikuwa hawaishi. Wanaleta sukari na sabuni, wanasema pole na kuuguza, halafu wanasogeza kiti karibu na mdomo wake. Siku nyingine Damasi alimwanzishia wimbo, akitumaini maneno yatafuata nyuma. Nilitamani kumfukuza. Nilikumbuka mtamba wake, nikamwacha aimbe.

Jumapili iliyopita walikuja Damasi na Mama Leonard. Nilikuwa nampangusa Venance uji kidevuni, midomo yake ikaanza kutetemeka. Koo likakwaruza. Mama Leonard akaacha kikombe chake. Damasi alichomoa kalamu mfukoni, akatandaza kiganja.

"Taratibu, mwalimu," alisema. "Tunakusikiliza. Anza na la kwanza."

Venance aliyaondoa macho ukutani, akayaleta usoni kwangu.

"Bri," alisema. "Brigita."

Tukangoja. Kalamu ilikuwa imegusa kiganja.

"Anamwita mkewe tu," Mama Leonard alisema mwishowe. Alijifunika uso kwa kitenge, akalia, na sikumlaumu. Hela ile ilikuwa ada ya mwanawe.

Ndilo neno nililomwomba Mungu miezi yote ile, na nilipopewa sikulipokea. Nilikuwa nimeinama pale pamoja nao, nangoja la pili. Venance alinitazama nikingoja. Aliona kila kitu, naapa, kwa sababu machozi yalimtoka jicho moja, lile linalofanya kazi.

"Abee," niliitika. "Abee, Baba Edda, niko hapa."

Alikuwa ameshaugeukia ukuta.