Wazazi wa Uwamwiza

Fahali wawili wakipigana, ziumiazo nyasi. Hilo kila mtu analijua. Mimi Adolphine nimeona fahali wakipatana, na nyasi zikaumia zaidi.

Hapa mjini Baraka, kando ya ziwa, fahali wenyewe walikuwa vyama viwili. Kimoja kilikuwa cha wanawake wa mwambao, na kiongozi wake ni wifi yangu Suzanne, Mubembe, kabila la huku mwambao, mzaliwa wa kijiji cha Lweba, mwenye sauti ya kuongoza kwaya na asiyeshiba mikutano. Cha pili kilikuwa cha wanawake wa mlimani, wale wenye ng'ombe, walioteremka kutoka upande wa Minembwe kwa sababu ya vita. Kiongozi wao aliitwa Kabanyana, mwalimu mwembamba, mpole wa maneno. Wote walisema wanatetea wanawake wanaopigwa na waume zao, ila wao kwa wao hawakusalimiana hata kanisani. Sisi tulisema watu wa mlima ndio walioleta vita. Wao walisema sisi tunaomba wafe wote. Halafu wafadhili wakatuma neno kutoka Uvira: shirikianeni, la sivyo tafuteni wafadhili wengine. Upendo ukashuka siku hiyohiyo kama mvua. Wakashona hadi kitenge cha sare.

Mtu wa kwanza kusaidiwa na ushirikiano wao alikuwa msichana Uwamwiza. Nyumba ya kuficha wanawake hawakuwa nayo, wakamleta kwangu, kwa kuwa mimi ni mjane na nina chumba cha nyuma. Alifika taya limefungwa kwa kipande cha kitenge. Mumewe Ganza, mfanyabiashara wa ng'ombe, alikuwa amempiga kwa fimbo ya kuchungia kwa sababu maziwa yalimwagika. Msichana hakuweza kutafuna hata kiazi. Nilimkorogea uji mwepesi, akaufyonza kwa mrija huku machozi yakimtiririka.

Wazazi wake waliuawa vita vilipoanza. Alibakiwa na shangazi mmoja, Uvira, na ombi lake lilikuwa moja tu.

"Mama Adolphine," aliniambia huku meno yamebana, "banipandishe tu mu boti ya Uvira. Ingine yote nitajitafutia mi mwenyewe."

Boti ilikuwa ikienda kila siku ya soko. Ningeamua mimi, angepanda siku ya soko iliyofuata. Lakini penye vyama viwili kwanza pana mkutano, nao ukafanyika barazani kwangu.

"Tukimupeleka kimya-kimya," Suzanne alisema, "batu ba mulima batasema Babembe baliiba muke ya muntu."

"Na Babembe batasema siye tunaua bamama yetu," Kabanyana akaitikia. "Afazali tufanye vile desturi yetu inasema."

Akatueleza. Kwao, mke akipigwa hukimbilia kwa wazazi wake. Mume humfuata huko na vinywaji, huomba radhi mbele ya wakwe, kisha hurudishiwa mkewe kwa heshima.

"Bazazi yake balikufa," nikasema mimi.

Suzanne akapiga makofi kama aliyefumbua kitendawili. "Basi siye njo bazazi yake!"

Wakakumbatiana, wazazi wa msichana tangu dakika hiyo. Naapa walikumbatiana, Mubembe na mwanamke wa mlimani, na machozi yakawatoka. Kama si yule msichana aliyekuwa akisikiliza mlangoni, hata mimi ningelia nao.

Uwamwiza akatoka, ameshika taya lake kwa mkono. "Baba yangu angemukalisha Ganza inje, ku jua," alisema. "Hangemupatia hata maji. Angemuuliza: unaona taya ya mutoto yangu? Na angekatala kunirudisha. Muzazi anaweza kukatala. Hiyo nayo iko mu desturi."

Kabanyana alijua ni kweli. Niliona jinsi alivyoinamisha macho. Akamwambia jambo kwa lugha yao, kisha akalirudia kwa Kiswahili ili Suzanne asikie: "Mutoto muzuri hapatishe batu yake haya mbele ya bengine."

Suzanne akaitikia kwa kichwa, kwa staha. "Siye tunaheshimia desturi yenu," alisema. Naye desturi yenyewe alikuwa ameielewa nusu, ile nusu yenye vinywaji.

Ganza akaja na shati jeupe, kreti za Fanta kwa kuwa watu wa kanisa lao hawanywi pombe, na dumu la maziwa. Hakuna aliyemkalisha juani. Alipewa kiti kizuri, kile cha marehemu mume wangu. Suzanne alikaa mahali pa baba, Kabanyana mahali pa mama, wote ndani ya sare yao mpya, na furaha ya kuwa wakwe ikawapanda kichwani.

"Mukwe yetu, unatubu?" Suzanne akauliza.

"Nimetubu, mama."

Hilo tu. Swali moja! Muuza samaki wa Baraka huulizwa maswali mengi kuliko hayo juu ya ndagala wake. Watu wakapiga makofi, mtu akatoa kamera kwa ajili ya wafadhili. Uwamwiza aliwekwa katikati, Fanta mkononi, mrija mdomoni, wakamwambia acheke kidogo. Acheke na taya lipi?

"Mufupa bado haujashikana!" nikapiga kelele. "Munamurudisha wapi?"

"Wifi," Suzanne akaniambia bila kugeuka, "we si muzazi."

Wakati wa kuondoka msichana aling'ang'ania mwimo wa mlango wangu. Hakulia, alishika tu. Kabanyana akaanzisha wimbo wa kumwombea safari njema, na huku akiimba, akavibandua vidole vyake kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayemvua mtoto shati. Suzanne alipokea sauti ya pili. Waliimba vizuri sana, siwezi kuwanyima sifa hiyo. Siku ya soko boti ilipopita kwenda Uvira, sikutoka nje kuitazama.

Picha ile ikawapendeza wafadhili. Wakaletewa mtu mwingine wa kusaidia, Gentille, binti yatima wa mlimani aliyekuwa akipigwa na baba yake mdogo. Naye akawekwa katika chumba changu cha nyuma, kwenye kitanda kilekile. Akaniuliza aliyekuwa akikilalia alikwenda wapi. Nikamwambia yote, sikumficha kitu.

Mahindi hayajakomaa, Ganza akarudi. Alikuja na kreti ya Fanta, kofia ameishika mkononi, akaomba kuwaona wazazi. Wakaitwa, wakaketi katika nafasi zao zilezile barazani.

"Bazazi," alisema, "mutoto yenu alianguka mu muto, alienda kuchota maji. Tulimuzika."

Suzanne akalia kwa sauti ya kwaya. Kabanyana akajifunika uso kwa kitenge cha sare.

"Taya yake ilikuwa imepona?" nikamuuliza.

Ganza alingoja kilio kipungue, kwa adabu, kama mkwe anavyopaswa. Kisha akaendelea.

"Desturi yetu munaijua, bazazi. Muke akikufa angali kijana, bakwe banamurudishia bwana muke mwengine. Mudogo yake, kama iko."

Mzazi anaweza kukataa. Nilingoja mmoja wao aseme neno hilo. Kabanyana alifuta macho, akakunja kitenge magotini mwake, akakinyoosha, akakikunja tena.

"Desturi hiyo iko," alisema polepole.

Suzanne akapenga kamasi. Akamtazama mwenzake, mwenzake akamtazama. Hawakuwahi kuelewana namna ile. Halafu wifi yangu akageukia mlango wa nyuma.

"Gentille, mutoto yetu," akaita kwa ile sauti yake tamu, "kuya kidogo usalimie mugeni."

Mlango haukufunguka. Tukasikia kitanda kikiburutwa sakafuni, kikigongwa kwenye mlango kwa ndani. Nikainuka, nikauegemea mlango kwa mgongo, upande wa nje. Suzanne na Kabanyana wakasimama pamoja, wakanijia.