Kipande cha Nguru cha Wakoli

Mimi sipendi mtu anifundishe miwa. Nimezaliwa ndani ya miwa hapa Myanga, nimeolewa ndani ya miwa, na mume wangu nimemzika kando ya miwa. Kwa hivyo Chepngeno, mke wa mdogo wangu, aliponiambia mbele ya wageni, "Wifi, hiyo nguru yako ya miwa pia ni sukari," nilimwangalia kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa, nikamuuliza, "Kwenu Kachibora mnalima miwa gani?"

Watu wakacheka. Wakoli mwenyewe alicheka. Chepngeno akainama akaendelea kumimina chai, na chai yenyewe haikuwa na sukari hata ya kudanganya ulimi.

Wakoli ndiye mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, niliyembeba mgongoni mpaka mgongo ukapinda. Alichochea moto wa boila kwenye kiwanda cha sukari miaka ishirini na miwili. Kisha kiwanda kikaanza kulala miezi mingi kuliko ile ya kufanya kazi, wakaambiwa waende nyumbani wangoje simu. Simu gani! Akapata kazi ya kulinda stoo ya mahindi Kitale, akahamia huko na mke. Huku miwa yetu ikazeekea shambani, na sukari ya dukani ikawa ya meli, hata hujui imelimwa nchi gani. Ilipopita shilingi mia mbili kilo, watu wakanikimbilia. Ninakamua miwa kwa mashine, ninachemsha maji yake kwenye karai kubwa tangu asubuhi, ninaengua povu, ninamimina kwenye fremu za mbao mpaka yagande. Hiyo ndiyo nguru. Kabla ya hapo walikuwa wanaiita chakula cha maskini, wajinga hao.

Januari, kabla ya chai ile ya wageni, daktari alikuwa amempata Wakoli na kisukari. Akamkataza sukari. Mimi nikasema sawa, asiguse sukari. Sukari ni kile kitu cheupe kilichopitishwa dawa. Nguru ni maji ya miwa na moto, basi. Nyanya yetu aliila mpaka miaka tisini, akafa na meno yake yote. Niliwaambia hata wateja wangu hivyo: mgonjwa wako mpe hii, haina kemikali. Na niliamini, msifikiri nilikuwa nadanganya watu.

Lakini kumwona mwanamume mzima akinywa chai kama ameadhibiwa kuliniuma. Nikapanga na Wamalwa, anayenipelekea nguru soko la Kitale. Kila wiki mbili nilikata kipande kizuri, nikakifunga kwa kitambaa cha leso yangu kuukuu, ile nyekundu yenye korosho nyeusi, nikamwambia, "Hiki ni cha Wakoli. Mpe mkononi pale getini kwa stoo. Yule bibi asione." Wakoli ananipigia simu usiku ule ule. "Dada, wewe ndiye mama yangu sasa." Basi mimi moyo unajaa!

Mwezi wa nne buti lilimchuna kidole cha mguu. Kidonda kidogo tu, kama cha kuchomwa na mwiba. Hakikupona. Kila akienda kliniki kipimo kinapanda: kumi na nane, ishirini na mbili. Wanamwongezea dawa, kinapanda. Wanamuuliza, "Mzee, unakula sukari?" Anawajibu, "Sijaonja tangu Januari." Na alikuwa anasema ukweli wake. Daktari akamgeukia Chepngeno, akamkemea kama mtoto: kwani jikoni kwako kunapikwa nini?

Habari hiyo iliponifikia, nilipandwa na hasira. Nilimchukua shangazi Pauline, mdomo wake unajulikana hadi Mabanga, tukaenda Kitale siku hiyo hiyo. Hatukuketi.

"Unamlisha nini ndugu yangu?" nikamuuliza. "Sema! Unataka mguu uoze ubaki na nini?"

Shangazi akapigilia msumari: "Kikulacho ki nguoni mwako. Tulimwambia huyu kijana aoe nyumbani."

Chepngeno alikuwa anaosha bakuli. Alilia bila sauti, mikono ikiwa bado ndani ya maji. "Sijui, wifi," akasema. "Ninampikia mboga, ninampimia ugali kwa kikombe, mimi mwenyewe nimeacha chai. Sijui inatoka wapi."

Mungu ananiona. Nilikuwa nimesimama pale na mkoba begani, na ndani ya mkoba kulikuwa na kipande kimefungwa kwa leso. Wazo kwamba ni hicho halikunijia kichwani. Nilimpa Wakoli tukitoka, nyuma ya choo.

Mwezi wa sita mguu ulikatwa chini ya goti. Ukakataa kukauka. Nilipoingia wodini nilimkuta amekuwa mdogo, macho yameingia ndani, Chepngeno anambadilishia foronya. Nesi mmoja, Kibiwott, alikuwa kando na kipimo mkononi, amekasirika kwa sababu namba haikueleweka. Chepngeno akainua mto. Kitambaa chekundu kikaanguka sakafuni, kikafunguka.

"Mzee, hii ni nini?" Kibiwott akauliza.

"Hiyo si sukari, daktari," Wakoli akasema, na ati alitabasamu. "Ni nguru. Dada yangu huyu ndiye huitengeneza."

Kibiwott akakiokota, akakinusa, akaketi ukingoni mwa kitanda. Hakupandisha sauti. Afadhali angenipigia kelele. "Mama," akaniambia, "hii ni sukari yote. Imebadilika rangi tu. Umempa kwa muda gani?"

Chepngeno aliniangalia. Nilingoja anirukie, na angenirukia ningemwacha anipige mpaka achoke. Alikichukua kile kipande kutoka kwa nesi, akakifunga vizuri na fundo langu lile lile, akakitia mfukoni mwa sweta.

Wakoli alifariki Alhamisi.

Tulimzika hapa nyumbani. Waombolezaji walikuwa wengi, na chai ya watu kama hao inataka sukari nyingi, kwa hivyo akina mama walitia nguru yangu kwenye masufuria. Watu wakanywa wakasema chai ya huku ni tamu. Nilijiambia: Nangila, leo utasema. Mbele ya jeneza utasema.

Shangazi Pauline alinitangulia. Alisimama akashika maikrofoni. "Huyu mtoto wetu alinyimwa hata kijiko cha sukari nyumbani kwake," akasema, "na mguu bado ukaoza. Aliyekuwa anampikia anajijua." Watu wote wakageuka. Chepngeno alikuwa ameketi kwenye mkeka wa wajane, kitambaa cheusi kichwani. Hakuwaangalia. Aliniangalia mimi.

Mimi, Nangila! Mdomo huu haujawahi kuona haya mbele ya chifu, haujawahi kuona haya mbele ya askofu. Siku hiyo uligoma. Nilikitazama kikombe changu. Shangazi akaketi, watu wakaguna, mhubiri akaanza kuomba.

Kesho yake Chepngeno alifunga nguo zake arudi Kachibora kwa mama yake. Hakuna mtu wa ukoo aliyemshikia mzigo. Tulikuwa tumekaa uani, wanawake kama kumi, shangazi akiwa katikati. Akaja mpaka mbele yangu, akaingiza mkono mfukoni mwa sweta, akaniwekea kitambaa chekundu mapajani.

"Ni chako, wifi," akasema. "Kilibaki nusu."

"Angalau huyu anarudisha vitu vya watu," shangazi akasema.

Chepngeno alisimama hapo kidogo, akiningoja. Wote waliniangalia, wakiningoja niseme neno lolote la kumuaga.

Nami nikasema, "Asante."