Gari la Kwendea Södertälje

Nathaniel alilipenda gari lile hata kabla hajafungua mlango wake. Lilikuwa jeusi, refu, limeoshwa likang'aa katikati ya theluji chafu ya Jakobsberg, na mwenyewe, Mkongo mmoja aitwaye Félix, alilizunguka akilipapasa kama mtu anayeagana na mwanawe.

"Hii motokari iko nguvu, papa," alisema, akigonga boneti. "Moteur haina matata hata kidogo."

Asteria, mkewe Nathaniel, alisimama pembeni, mikono mifukoni. Yeye ndiye aliyekuwa akitafutiwa gari. Alifanya kazi kwenye nyumba ya wazee kule Södertälje, mbali kabisa na kwao Tensta, na gari lao la zamani lilikuwa limeliwa na kutu hadi likakataliwa kwenye ukaguzi. Tangu hapo aliondoka nyumbani gizani, akabadilisha treni, akarudi gizani. Treni zikikwama, mwenzake wa zamu ya usiku alimpokea kwa mdomo uliovimba kwa hasira.

"Linavuta kwa magurudumu gani, ya mbele au ya nyuma?" aliuliza.

"Ya nyuma, mama. Kama za wakubwa," Félix alijibu, lakini macho yake yalikuwa kwa Nathaniel.

"Kwenye barafu litaniyumbisha. Na matairi yenyewe hayana misumari ya kung'ang'ania barafu."

"Mama Alma, hebu tulijaribu kwanza," Nathaniel alisema, naye alikwisha kushika usukani. Félix akakaa kando yake. Asteria akaingia nyuma, kwenye kiti kilichojaa makombo ya biskuti.

Waliteremka kuelekea ziwani. Gari lilikwenda kimya kimya, na Nathaniel akawa anasimulia jinsi wenzake wa kwaya watakavyoduwaa. Kwenye kona ya mteremko akakanyaga breki. Nyuma ya gari ikaponyoka, wakazunguka taratibu, wasiweze kufanya lolote, kisha wakajibamiza ubavu kwenye tuta la theluji.

Hakuna aliyeumia. Injini ilizimika. Wanaume wakatokea mlango wa dereva, mmoja nyuma ya mwenzake, na papo hapo wakaanza kubishana. Asteria akavuta kitasa cha upande ule ule. Mlango haukufunguka. Upande wa pili kulikuwa na ukuta mtupu wa theluji. Akakumbuka makombo ya biskuti, akaelewa: Félix alikuwa amefunga kufuli la watoto, wanawe wasije wakafungua mlango barabarani. Akabonyeza kitufe cha kioo, wapi. Akagonga.

"Jamani, nifungulieni!"

Nathaniel alikuwa amepiga magoti akifukua theluji kwa mikono. Hakusikia.

Angeweza kupenya kati ya viti vya mbele, na alilijua hilo. Lakini aliegemea, akaamua kuona watamkumbuka saa ngapi. Pumzi zake zikatanda ukungu kwenye vioo, wale wanaume wakawa vivuli tu. Hapo ndipo lilipompata wazo alilokuwa akilikimbia siku zote. Aliyaona majira ya baridi yajayo, na ya baada yake, na barabara ile ile, naye yumo ndani. Alikwisha kumwomba mumewe wahamie Södertälje, tena si mara moja. Kila mara jibu lilikuwa lile lile: watoto wana shule yao, mimi nina kwaya yangu, na kazini kwangu naenda kwa miguu. Tukutafutie tu gari zuri.

Mlango ulifunguliwa kutoka nje.

"We! Kumbe bado umo?" Nathaniel alihema. "Ungeita."

"Nimeita, Baba Alma."

Mumewe akachuchumaa mlangoni, magoti yamelowa. Aibu ilikuwa imemshika, Asteria aliiona.

"Hili hatuchukui. Tutatafuta la uhakika, linalovuta kwa magurudumu yote manne, lenye misumari na hita nzuri. Ukishalipata utakuwa huru."

"Huru kwenda wapi?"

Félix alikuwa akiwaita waje wasukume, na Nathaniel akainuka haraka kama aliyeokolewa.

Ahadi yake aliitimiza. Lile jingine walilipata Spånga, kwa bibi mmoja aliyeacha kuendesha. Safari hii Asteria alilijaribu mwenyewe, akalipitisha juu ya barafu, akalipigisha breki za ghafla makusudi. Halikutetereka. Alichungulia chini, akasikiliza giaboksi, akatafuta kasoro mpaka mgongo ukamuuma.

"Unaonaje?" Nathaniel aliuliza.

"Halina ubaya," alisema, na ndivyo ilivyokuwa.

Jumatatu yake baridi iliuma vibaya. Asteria aliketi mbele ya usukani, na kabla ya kuwasha aliomba, bila haya, gari lisiwake. Liliwaka mara moja. Simu nayo ikaita. Alikuwa Eve, msimamizi wake.

"Treni zimesimama, Asteria, wenzako hawafiki. Lakini wewe nasikia una gari zuri sasa. Utaunganisha zamu mbili, sivyo?"

Juu dirishani Nathaniel alikuwa akimpungia mkono, uso umejaa fahari. Kiti kilianza kumpasha joto mgongoni.

"Nakuja," alisema, akaingia barabarani.