Nomino kwa Uzi Mwekundu

Shuka za wodi ya wazazi ndizo zilizotangulia, kama kila siku, toroli mbili zimejaa hadi pomoni, na Mama Mapacha alishaanza kuzichambua kabla jua halijachomoza vizuri. Zenye damu huku, zenye matapishi kule, zilizolowa maji tu katikati. Kila shuka aliikung'uta mara mbili, maana kwenye shuka za hospitali hukosi kitu: kijiko, soksi ya mtoto, siku moja meno ya bandia ya mzee wa watu, ambayo mwenyewe aliyatafuta wiki nzima akidhani ameyameza. Mikono ikichambua, mdomo nao ulikuwa na kazi yake.

"Fish," alisema, akatupa shuka. "Chair. House. Mother."

"Nyekundu," aliitikia Shangazi kutoka meza ya kukunjia, bila kuinua kichwa.

"Wash. Run. Eat."

"Bluu."

"Clean. Big. Old."

"Kijani. Na hiyo ya mwisho umenilenga mimi."

Wakacheka, kisha wakanyamaza ghafla wakatazama mlangoni. Hakukuwa na mtu. Mashine namba tatu ilikuwa inatetemeka kama kawaida yake, na mvuke umeanza kupanda ukutani.

Shangazi hakuwa shangazi wa yeyote pale. Ni jina alilopewa na vijana waliokuja wakaondoka, yeye akabaki. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akikunja nguo za hospitali na kuzifunga vifurushi vya kurudi wodini, na ilibaki miezi minane tu achukue kiinua mgongo chake akapumzike. Mama Mapacha alikuwa na miaka kumi na minne kwenye mashine. Aliishi na mabinti zake wawili katika chumba kimoja cha kota nyuma ya hospitali, chumba ambacho ni chako ukiwa na kazi, na siku kazi ikiisha unapewa siku saba utoe kitanda chako.

Na kazi sasa ilikuwa imetundikwa kwenye uzi. Kampuni mpya iliyopewa ufuaji wa hospitali ilibandika tangazo mlangoni mwezi uliopita: kila mfanyakazi atafanya mtihani wa Kiingereza cha msingi, aina za maneno. Atakayepata chini ya nusu, mkataba wake hautaongezwa. Chini yake wakabandika orodha ya maneno arobaini ya kujifunza. Mtihani ulikuwa leo, saa nane mchana.

Kiingereza cha kumfulia nani, hakuna aliyesema. Hata zile mashine, maandishi ya kwenye vitufe yalishafutwa na vidole vya watu zamani, na kila mtu alijua kitufe cha maji ya moto ni kile cha pili kutoka kushoto, chenye ufa. Lakini tangazo ni tangazo. Watu waliosahau hata kalamu inavyoshikwa wakaanza kununua madaftari.

Mama Mapacha alifundishwa na pacha wake wa kwanza, aliyekuwa kidato cha pili. Mtoto alikuwa mkali kuliko mwalimu. "Mama, noun ni nomino, jina la kitu. Verb ni kitenzi. Usiruke, rudia." Akarudia wakati anapika, akarudia wakati anaoga, hadi yakaingia. Akaona raha isiyo na mfano siku alipotazama karatasi ya dawa na kulitambua neno moja, akajua lilikuwa linafanya kazi gani pale. Aliona aibu kidogo kufurahi hivyo, mtu mzima.

Shangazi ndiye aliyekuwa mtihani wenyewe. Herufi alizijua, maneno arobaini aliyatambua, ila hizo noun na adjective zilimteleza kama sabuni. "Majina ya majina! Mtu na akili yake atayakumbuka vipi?"

Hapo ndipo Mama Mapacha alipopata wazo. Pale kazini kwao kila nguo ina alama ya uzi kwenye pindo. Nyekundu ni ya chumba cha upasuaji, bluu ni wodi ya wazazi, kijani ni watoto, nyeusi ni wanaume. Shangazi hakusoma alama. Mkono wake ulizijua wenyewe. Basi, kila neno nalo lina wodi yake. Karatasi na simu zilikuwa zimepigwa marufuku kwenye chumba cha kufulia, kwa hiyo Mama Mapacha alichukua vipande vya shuka chakavu, vile vinavyokatwa kuwa matambara, akashona juu yake maneno yote arobaini. Nomino kwa uzi mwekundu, vitenzi kwa bluu, vivumishi kwa kijani, na yale maneno madogo madogo yaliyobaki kwa nyeusi. Kwa wiki mbili Shangazi alikuwa akivipanga mezani katikati ya kazi, na sasa hakosei.

"Limebaki jambo moja," alisema Mama Mapacha asubuhi hiyo. "Kwenye karatasi hakuna rangi. Saa sita, kwenye mapumziko, nikuonyeshe rangi ipi ni noun, ipi ni verb. Ni majina manne tu."

"Manne nitayaweza," alisema Shangazi. "Usichelewe lakini."

Saa tatu na nusu aliingia Bwana Fomu. Msimamizi huyu wa kampuni alikuwa na jina lake kama binadamu wengine, ila alikuwa na fomu ya sabuni, fomu ya kuchelewa, fomu ya kuomba fomu, na jina lake likafa hapo. Leo hakushika fomu. Alishika mfuko wa plastiki, na ndani yake kipande cha shuka ukubwa wa kiganja. Kilishonwa kwa uzi mwekundu: FISH.

"Zimeni mashine," alisema. Hakupaza sauti.

Mashine zikazimwa, moja baada ya nyingine.

"Hiki kimetoka kwenye kifurushi cha upasuaji. Daktari amefungua kifurushi, mgonjwa yuko mezani, ameshachomwa sindano ya usingizi, na katikati ya nguo safi kuna samaki. Imebidi kila kitu kitupwe, watafute kifurushi kingine. Dakika arobaini mtu amelala pale. Nani kashona?"

Mama Mapacha hakuhitaji kuambiwa kilichotokea. Jana jioni Shangazi alikuwa akifunga vifurushi vya upasuaji huku ameyapanga matambara yake pembeni, na mkono ule wa miaka ishirini na sita ukaona nyekundu ukaipeleka kwa nyekundu wenzake. Ungemwamsha usingizini angefanya vilevile. Alimfikiria yule mgonjwa, na moyo ukamuuma kwelikweli, maana yeye mwenyewe alishalazwa kwenye meza ile siku ya kuzaliwa mapacha.

"Mimi," alisema. "Nimeshona mimi."

"Na nani kafunga?"

Shangazi alikuwa ameiweka mikono yake juu ya meza na anaitazama kama mali ya mtu mwingine. Midomo yake ilifunguka.

"Nimefunga mimi pia," alisema Mama Mapacha haraka. "Jana nilimsaidia."

Asidanganye mtu kwamba alikuwa shujaa. Aliwaza miezi minane ya Shangazi, aliwaza pia kwamba wazo lilikuwa lake, lakini zaidi alidhani ni fomu. Angejaza fomu, angekaripiwa, saa nane angefanya mtihani wake kama wengine.

"Twende ofisini," alisema Bwana Fomu.

Ofisini aliketishwa kwenye benchi la nje. Bwana Fomu alikuwa akisubiri makao makuu wampigie. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Mama Mapacha alisoma kila kitu kilichobandikwa ukutani, akahesabu nomino, akapata thelathini na moja. Saa sita kengele ya mapumziko ililia. Akasimama.

"Bosi, naomba dakika kumi tu. Kuna mtu ananisubiri."

"Kaa, mama. Wakipiga usipokuwepo nitasema nini?"

"Dakika tano."

"Mama, na mimi nina bosi. Kaa."

Simu ililia saa saba na dakika ishirini. Bwana Fomu aliongea amesimama wima, kama vile wanamwona, akisema ndiyo, ndiyo, sawa. Halafu akamwita ndani na kumsogezea karatasi.

"Andika maelezo yako. Ulichofanya na kwa nini. Kwa Kiingereza."

"Si nikueleze kwa mdomo, uandike wewe?"

"Haikubaliki. Iwe kwa mkono wako. Makao makuu hawasomi lugha nyingine."

Alishika kalamu. Mtoto wake alishamwambia anza na nani, halafu amefanya nini, halafu kitu gani. Akaandika polepole, kila neno akilipima kabla ya kuliacha. I sew the cloth. I put the cloth in the pack. Akasimama, akafikiri, akaongeza ya tatu: I want to learn. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kutunga sentensi ya Kiingereza bila mtu kumshika mkono. Alizitazama zile sentensi tatu, na pamoja na hofu yote aliyokuwa nayo, alizipenda.

Bwana Fomu alisoma. Akachukua kalamu nyekundu, akaikata sew akaandika sewed juu yake, kwa mazoea tu. Put akaiacha.

"Si kibaya," alisema, na alikuwa anasema kweli. "Mtihani wenyewe hauna hata sentensi. Ungefaulu."

"Ningefaulu?"

Aligeuza macho dirishani. "Wamesema ukikiri kwa maandishi, ni kuachishwa leo leo. Hakuna onyo kwa mambo ya upasuaji. Mtihani hutaufanya, hauna maana tena. Kota utarudisha ufunguo ndani ya siku saba. Sikupanga mimi, mama. Mimi napeleka tu." Akaipanga vizuri ile karatasi kwenye faili. "Ila zamu yako naomba uimalize. Wenzako wote wanaingia mtihani saa nane na mashine zimejaa. Haziwezi kulala."

Akili ya kukataa ilimjia akiwa tayari ameshafika kwenye ngazi. Angeweza kuvua aproni pale pale akaenda zake. Lakini siku saba ni siku saba, na malipo ya mwezi huu yalikuwa bado mikononi mwao, na mtu wa kota hagombani na mwenye ufunguo. Alirudi kwenye chumba cha kufulia, akawasha mashine namba moja, mbili, tatu, nne, akakimbia kutoka moja hadi nyingine peke yake, kazi ya watu sita. Hakulia. Alikuwa na hasira mno, hata machozi hayakutoka.

Zilipobaki nguo za upasuaji kukunjwa, akazikunja mwenyewe. Alikung'uta kila moja mara tatu. Kwenye mfuko wa aproni yake bado kulikuwa na tambara moja la uzi mwekundu, na shetani alimnong'oneza walau kwa dakika nzima. Akamkumbuka mtu atakayelala mezani kesho. Akalitupa tambara kwenye ndoo ya taka.

Saa tisa kasorobo Shangazi aliingia. Alikuwa anang'aa uso kama mtu aliyetoka kusikilizwa posa.

"Mbona hukuja? Nilidhani huko ofisini wamekuachia zamani, nimekutafuta chumba kizima cha mtihani! Na mchana nimekungoja kwenye ngazi mpaka kengele, sikukuona."

"Walinikalisha. Walikuwa wananiandikisha fomu."

"Na mtihani?"

"Wamesema sina haja nao."

Shangazi akasita, akamtazama. "Kwa sababu unajua?"

"Mtihani wako umekuwaje?" aliuliza Mama Mapacha.

"We, acha! Maneno yale yale! Arobaini, hakuna hata moja la kigeni. Neno huku, mstari mtupu huku, uandike ni aina gani. Nikasema hapa wamenikuta." Shangazi aliketi juu ya kikapu kilichopinduliwa, akavua viatu. "Nilishtuka mwanzoni, kwa sababu ya yale majina manne ambayo hukunipa. Nikafumba macho nikaiona meza yangu. Basi nikaandika kama tulivyojifunza. Fish, nyekundu. Run, bluu. Big, kijani. Arobaini zote, kwa mwandiko safi."

Mama Mapacha aliacha kukunja.

"Uliandika nyekundu? Hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. N, Y, E, zote, sikuruka herufi." Shangazi alicheka. "Bwana Fomu alipita akasimama nyuma yangu, akaisoma karatasi yangu mpaka chini. Nadhani hakutegemea mzee kama mimi."

Mashine namba tatu ilimaliza mzunguko wake, ikanyamaza. Mama Mapacha alihesabu miezi minane. Alimtazama huyu mwanamke ambaye hata gizani angekuchambulia nguo za wodi nne bila kuchanganya hata leso, na ambaye jana, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, alikosea, naye alikosea kwa sababu anaijua kazi kupita kiasi. Matokeo yangebandikwa mlangoni Jumatatu. Kulikuwa na Ijumaa hii, na Jumamosi, na Jumapili nzima kabla hajajua.

"Niambie basi," alisema Shangazi, sauti imeshuka kidogo. "Nimekosa?"

"Hujakosa, Shangazi. Zote arobaini ziko mahali pake."

"Hata moja sijakosa?"

"Hata moja."

Shangazi akashusha pumzi, akavaa viatu vyake tena, akasimama kwenye meza yake. Akavuta rundo la kwanza, vidole vikapita kwenye pindo vikitafuta uzi. Mama Mapacha akaenda kuifungua namba tatu, maana wodi ya wazazi ilikuwa imeshaleta toroli nyingine mlangoni.