Wifi Aliyeosha Unga kwa Tindikali

Watu hudhani wifi na wifi lazima wagombane. Mimi sikugombana na wangu, nilimvumilia tu, kama mtu anavyovumilia kiatu kipya. Kaka alipomleta nyumbani na kututambulisha kwamba huyu ni mkemia, nilijua yamenifika, maana maabara alikoajiriwa ndiko ninakofanyia kazi mimi. Nyumbani wifi, kazini wifi. Mama alicheka mpaka akashika ukuta.

Kazi yangu ni hadubini. Si ile ya shuleni ya kuchungulia kwa jicho moja. Hii ni mnara wa chuma unaokaribia kugusa dari, unatumia elektroni badala ya mwanga, na ukiutunza vizuri unakuonyesha atomi moja moja, nukta nyeupe kwenye giza. Chumba chake kiko chini kabisa ya jengo kwa sababu haupendi kutikiswa. Ukija kwangu unavua viatu, unafunga mdomo, unakaa. Nimewahi kumtoa nje profesa mzima kwa kutikisatikisa mguu, na sijaomba radhi hadi leo.

Wifi alikuwa na jambo moja tu kichwani: kiwanda cha rangi za nguo alikofanya kazi kaka. Pale kuna hatua moja ya kutengeneza rangi ambayo hupikwa kwenye matangi makubwa kwa chenga za chuma na tindikali. Rangi inapatikana, hilo halina ubishi. Lakini kila tangi likishapika huacha chini matope meusi, ya moto, yenye masalia ya sumu, na lazima watu waingie kuyatoa kwa koleo. Kaka ndiye alikuwa mkuu wa kikosi hicho. Alikuwa hawezi kumaliza sentensi ndefu bila kukohoa, na daktari alimwambia waziwazi aachane na matangi kabla matangi hayajaachana naye.

Akakataa. "Nikitoka mimi, anaingia mtoto wa mtu," alisema. "Matope hayana likizo."

Kaka yangu ni mbishi, tumezaliwa hivyo. Basi kwa mkewe ikabaki njia moja: kama mtu hataki kuyaacha matope, matope yenyewe yakome.

Hapo ndipo kinapoingia kichocheo. Kichocheo ni kitu kinachosukuma kemikali zibadilike upesi bila chenyewe kuliwa. Ukipata kinachofaa, kazi ile ile ya chenga za chuma inafanywa na gesi ya hidrojeni, na kinachobaki ni maji. Wifi alichagua kobalti, madini ambayo si ghali kama platini. Shida ya kobalti ni tabia. Atomi zake zikipata joto zinakimbiliana, zinakumbatiana, zinakuwa bonge, na bonge halina adabu: linagusa sehemu za kemikali ambazo hazikutakiwa kuguswa, kisha linazidi kunenepa mpaka linalala. Tumefundishwa tangu utoto kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa binadamu umoja ni nguvu. Kwa kobalti umoja ni uvivu. Alichotaka wifi ni kila atomi ikae peke yake kwenye utando wa kaboni, imeshikwa pande zote na naitrojeni, isimfikie mwenzake.

Akahangaika na tanuri lake mpaka akapata unga mweusi, mwepesi, ambao kwenye chungu kidogo cha maabara ulifanya kazi kwa namna iliyotufanya tuangaliane. Mkurugenzi wa kiwanda alikuja, akaona, akakubali kuujaribu kwenye tangi moja. Ukifaulu, alisema, hatatia saini mkataba mwingine wa chenga za chuma. Kaka aliposikia hayo alianza kuimba bafuni.

Wifi akaniletea chembe za unga huo nizitazame. Nilitembeza hadubini huku na huku mpaka nikapata mahali pazuri: nukta zimetawanyika, kila moja na uwanja wake. Nikapiga picha. Ilikuwa picha ya kutundika ukutani.

Akaitazama, halafu akaniuliza, "Wifi, hapa mahali ulipachagua wewe?"

"Sasa angechagua nani? Jirani?"

"Naomba ufumbe macho. Zungusha vifundo vya hadubini bila kutazama, halafu upige picha popote itakapoangukia."

Nilihisi damu inanipanda. Kazi hii nimeifanya tangu yeye anajifunza kufunga vifungo vya koti la maabara. "Unanifundisha kazi?"

"Hapana, wifi. Mimi ndiye ninayetaka sana iwe nzuri. Nisiponyang'anywa nafasi ya kuchagua, nitaona ninachokitaka."

Nikafumba macho, nikazungusha. Picha ya kwanza ilikuwa na nukta. Ya pili ilikuwa na bonge limejaa kioo kizima. Nikafumba tena, nikapata bonge na nukta. Tena, mabonge. Mimi nilikuwa nimepiga picha ya sebule iliyofagiliwa, na jikoni hatukuwahi kuchungulia.

Nilidhani atanyamaza. Niseme kweli, mimi ningenyamaza. Unga ulikuwa unafanya kazi, mkurugenzi ameshakubali, mume anaimba bafuni. Picha ya kwanza ilikuwa halali, hakuna aliyeighushi. Lakini yeye alikaa kwenye kile kiti changu akiwa peku, akasema kwa sauti ndogo, "Sasa hatujui nani anafanya kazi. Atomi, au mabonge?"

Njia ya kujua ilikuwa moja: kuuosha unga kwa tindikali. Tindikali hula mabonge na kuyasomba, lakini atomi iliyoshikwa vizuri na naitrojeni haing'oki. Ukiuosha unga na bado ukafanya kazi, sifa ni za atomi. Ukifa, basi tulikuwa tunawapigia makofi wasiostahili. Na unga uliokuwepo, ule wa kupelekwa kiwandani, ulikuwa huo huo: ukifa kwenye chungu, na safari ya kiwandani imekufa.

Jioni hiyo nilikuwa kwao. Kaka alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kijiko chini.

"Mke wangu, unga unafanya kazi. Mtu akipata maziwa haulizi ng'ombe kayatoa kwa titi lipi."

"Mimi nauliza, kwa sababu kuna titi moja bovu." Wifi hakupandisha sauti. "Mabonge yanachoka. Yatafanya kazi leo na kesho, halafu tangi litagoma, na mkurugenzi atarudi kwenye chuma. Na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hatanisikiliza tena mimi, wala mwingine atakayekuja na unga ulio mzuri kweli."

"Na kifua changu?"

Akakohoa pale pale, bila kukusudia. Wifi alimngoja amalize.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," akamwambia. "Ni kwa ajili ya kifua chako ndiyo naosha."

Kaka alinigeukia mimi, dada yake, akitegemea nitamtetea. Wifi wa kawaida angeitumia nafasi hiyo vizuri sana. Nikajikuta nasema, "Muache aoshe." Sijui nani alishangaa zaidi kati yetu watatu.

Akauosha. Tindikali iligeuka ya waridi kwa kobalti iliyoyeyuka, rangi nzuri ajabu kwa habari mbaya namna ile. Akaukausha unga, akaurudisha kwenye chungu, akafungulia hidrojeni. Tukangoja. Kipimo hakikusogea. Unga ulikuwa umekufa fofofo.

Alimpigia simu mkurugenzi yeye mwenyewe, hakumtuma mtu. Nilimsikia akisema, "Nilichokuonyesha hakikuwa kile nilichodhani. Nipe muda." Mkurugenzi alimpa muda, ila kwa sauti ya mtu anayempa mwingine kiti mlangoni. Kaka akarudi kwenye matangi na hakuimba tena. Hakumgombeza mkewe. Alikohoa tu, na nyumba nzima ilisikia.

Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu wifi, na najua ni siku gani ya maisha yake: ile ambayo wengine wote wangejificha. Watu huja chumbani kwangu kutazama picha nzuri. Yeye alikuja kutazama mbaya. Alikaa peku mbele ya mabonge yake, picha baada ya picha, akiyatazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa asiyemlaumu. Nilimletea chai, jambo ambalo chumbani mwangu ni haramu, nikamwambia asimwambie mtu.

"Wifi," alisema siku moja, "viti vya naitrojeni si vibaya. Atomi zimekaa karibu mno. Joto likija, jirani yuko mkono mmoja tu. Nani asingemsogelea?"

Na dawa yake ilikuwa rahisi mpaka ikaniudhi kwamba sikuiwaza mimi. Kuna mwalimu gani asiyejua la kufanya na watoto wapiga soga? Unawaketisha mmoja mmoja na kuwachomekea watoto watulivu katikati. Wifi akachukua zinki, ambayo inakubali kukaa kwenye viti vile vile vya kobalti, akaichanganya kwa wingi, ili kila kobalti izungukwe na zinki pande zote. Kisha tanuri. Moto unapozidi sana, zinki hugeuka mvuke na kwenda zake bila kuaga, na kobalti inabaki pale pale, jirani yake wa karibu yuko mbali, na naitrojeni imeishika.

Mara nyingine zinki ilitoka mapema mno, unga ukawa hauna maana. Mara nyingine ilibaki. Alirudia, akabadilisha moto, akabadilisha vipimo, akachoma glovu, akacheka, akalia mara moja chooni akidhani sisikii. Halafu asubuhi moja akashuka kwangu, viatu mkononi, na kichupa.

"Kabla hujaniuliza," akasema, "nimeshauosha."

Nikafumba macho, nikazungusha vifundo. Nukta. Nikafumba tena. Nukta. Nilizungusha mpaka kiganja kikauma, nikapita kila kona ya kisahani kilichobeba unga, nikitafuta bonge kwa chuki kabisa, maana sikutaka kudanganywa mara ya pili. Popote nilipoangukia zilikuwa zimekaa, moja, moja, moja, kila mtu na kwake. Nimetazama vitu vidogo maisha yangu yote na sijaona binadamu aliyevipanga kwa heshima namna ile.

"Sema basi," wifi akaninong'oneza.

"Kila moja iko peke yake," nikasema. "Hongera, mama."

Kwenye chungu unga ulianza kazi kama haukuwahi kuona tindikali, na safari hii hata takataka za pembeni, zile zinazoletwa na mabonge, hazikutokea.

Siku ya kiwandani na mimi nilikwenda. Kikosi cha kaka kilisimama chini ya tangi kama kawaida yao, buti ndefu, koleo mkononi, matoroli nyuma. Tangi likapika. Kaka akafungua bomba, unga ukazuiwa na kichujio, ikatoka rangi-ghafi yenyewe, ya manjano hafifu, ikajaza mapipa. Kisha yakatoka maji. Kisha bomba likadondosha matone, likanyamaza.

Wakangoja. Mmoja akatema mate kwenye viganja, tayari kwa kazi. Kaka akainama, akamulika ndani kwa tochi, akainuka.

"Matope yako wapi?" akauliza.

"Hakuna," wifi akajibu.

"Yamekwama?"

"Hakuna, baba watoto. Ndiyo yameisha hivyo."

Mkurugenzi alianza kupeana mikono na kila mtu, hata na mimi ambaye hakunijua. Lakini wifi hakumpa mkono. "Bado," alisema. "Unga ni huo huo. Pika tena, na tena, mpaka ufike pale ambapo ule wa kwanza ungekuwa umechoka. Upite hapo, ndipo unipongeze."

Basi wakapika. Unga ule ule, tangi baada ya tangi. Kila jioni kaka alirudi nyumbani, akasimama mlangoni, akamuuliza mkewe, "Nifurahi?" Naye akajibu, "Bado." Nilimwambia kaka mke wako ana roho ya jiwe. Akasema ndiyo, na alisema kwa fahari.

Mpaka ilipofika siku ambayo wifi alichukua chembe za unga uliochoshwa, akaniletea, nikafumba macho, na zikawa bado zimekaa vilevile. Tukaenda kiwandani pamoja moja kwa moja. Kaka alikuwa chini ya tangi na vijana wake, koleo bado mkononi, maana hakuna aliyekuwa amewaambia waziache. Alitutazama usoni, mmoja baada ya mwingine, akaogopa kuuliza. Nilimwona kaka yangu, mbishi yule, anaogopa.

"Nifurahi?" akasema mwishowe.

"Furahi, mume wangu."

Akaketi chini pale pale, kwenye sakafu iliyokauka, akalia kwa sauti, na katikati ya kilio akakohoa, nasi tukamngoja amalize. Wifi alipiga magoti, akamshika mgongo. Nyuma yao vijana wakaegemeza koleo ukutani, wakaanza kuvua buti.